Maji ya Zamu ya Mama Kang'ethe

Mungania alipolipuliwa na bomu la ardhini kwenye barabara ya Garba Tulla, lori lake likiwa limejaa magunia ya unga, watu wengi wa Burat walikuja kumpa pole dada yake Kajuju. Walikuja na sukari, walikuja na majani chai, na karibu kila mmoja alikuja na maneno. Mmoja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine alisema serikali italipiza, hao waasi mashifta watakiona cha mtema kuni. Kajuju alikaa kwenye kigoda akawaitikia wote, na hakuna neno hata moja lililomfika.

Aliyemfika hakusema kitu. Alikuwa jirani yake wa shamba la juu, mwanamke wa Kikuyu aliyeitwa Rahab, ingawa Burat nzima ilimwita Mama Kang'ethe. Aliingia, akamshika Kajuju mkono kwa muda mrefu, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Huko alikuta lundo la sufuria chafu ambazo wageni walikuwa wamezilia na kuziacha. Akajifunga leso kiunoni, akachuchumaa, akaanza kuzisugua kwa majivu. Kesho yake alirudi na jembe akapalilia maharagwe ya Kajuju. Matanga yakaisha, wenye maneno wakaenda zao, na Mama Kang'ethe akaendelea kuja.

Kajuju na Mungania walikuwa watoto wa Nyambene, Wameru wa milimani. Wazazi wao walifariki mapema, na Mungania ndiye aliyekuwa baba na mama. Alipopata kazi ya udereva Isiolo, alimleta dada yake, akapata kipande cha shamba pale Burat, mwisho kabisa wa mfereji uliotoka mtoni. Kajuju alikuwa amebatizwa utotoni, lakini imani yake ilibaki huko huko mlimani pamoja na nguo zilizombana. Hakuwa na ugomvi na Yesu. Hawakuwa na mazungumzo tu.

Kilichomshangaza kwa jirani yake ni kwamba hakuhubiri. Kulikuwa na waumini mjini ambao hukumaliza kuwajibu salamu kabla hawajakuuliza kama umeokoka. Mama Kang'ethe alikuuliza kikohozi chako kinaendeleaje. Ukimwazima ungo, aliurudisha na kitu ndani, hata kama ni mboga ya mkono mmoja. Watu wakianza kumteta mtu ambaye hayupo, ghafla alikumbuka kazi mahali pengine. Mumewe Waweru alifanya kazi ya barabara, mtu mwenye hasira za karibu. Akirudi akifoka, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, akacheka tena, hadi Waweru mwenyewe akashindwa kujizuia. Na kila asubuhi kabla ya kuchimba, alisimama kichwani mwa shamba, jembe begani, akafumba macho. Hakukaa sana. Kajuju alimwona mara nyingi kutoka shamba la chini, na akajikuta akingoja ile dakika kama mtu anayengoja jua.

Jambo moja tu alilolifikiria Kajuju ni kwamba huyo Kang'ethe hakuwahi kuonekana. Alidhani yuko shule huko Murang'a kwa bibi yake. Hakuuliza.

Ukaja ule mwaka ambao vita vya serikali na mashifta vilikaza. Serikali ilikusanya wafugaji wa Kiborana, watu na mifugo yao, ikawaweka ndani ya kambi ili wasiwalishe mashifta. Kambi moja iliwekwa ng'ambo ya njia ya ng'ombe, mkabala na shamba la Kajuju. Ilizungushiwa seng'enge, na askari wakasimama langoni. Ndani walikuwa wazee, akina mama, watoto na ng'ombe na mbuzi wengi kuliko majani yaliyokuwepo. Lori la maji lilipaswa kuja kila siku. Siku nyingine lilikuja, siku nyingine halikuja.

Kisha mvua ikakosa. Mto ukapungua hadi ukabaki vidimbwi kule juu, na mfereji ukaanza kugawanywa kwa zamu, kila shamba siku yake. Upepo ukigeuka, Kajuju alisikia harufu ya mizoga kutoka kambini. Alisikia pia watoto, mwanzoni wakilia, baadaye wakinyamaza. Alipika, akala, akafunga dirisha. Alijiambia kwamba mkono uliotega lile bomu ulitoka kwa watu wa namna hiyo, na basi.

Asubuhi moja Mama Kang'ethe alishuka hadi mpakani mwa mashamba yao.

"Kajuju, mwanangu, nina ombi. Siku ya zamu yangu, nataka maji yangu yapite tu. Yapite kwangu, yapite kwako, halafu tukate mfereji mdogo hapo chini, yafike kwenye seng'enge. Sitagusa maji ya mtu mwingine. Ni yangu tu."

Kajuju alidhani hakusikia vizuri. "Yafike wapi?"

"Kwa wale akina mama."

"Wale ndio waliomuua Mungania."

Mama Kang'ethe aliangalia chini.

"Kwa shamba la ndugu yangu? Maji yapite juu ya jasho la ndugu yangu yakawanyweshe wao? Mama Kang'ethe, wewe nimekuheshimu kama mama. Usiniambie tena hayo maneno."

"Haya, mwanangu," alisema Mama Kang'ethe, akapanda kurudi kwake.

Hakurudia ombi. Siku ya zamu yake ilipofika, alichota maji kwenye mfereji wake kwa debe, akalibeba mgongoni, mkanda ukiwa umekaza kwenye paji la uso kama wabebavyo akina mama wa kwao, akazunguka mbali nje ya mpaka wa Kajuju ili asikanyage hata jani lake. Alivuka njia ya ng'ombe, akapiga magoti kwenye seng'enge, akamimina maji kwa kibuyu ndani ya vyombo vilivyonyooshwa kutoka upande wa pili. Akarudi, akachota tena. Alifanya hivyo mchana kutwa. Zamu iliyofuata akafanya tena. Mahindi yake yalianza kujikunja majani, halafu yakawa rangi ya karatasi ya sukari. Waweru alifoka mpaka sauti ikasikika barabarani. Safari hii mkewe hakucheka. Lakini jioni yake Kajuju alimwona Waweru mwenyewe amebeba debe la pili, uso umekunjwa, akimfuata mkewe nyuma.

Kajuju alipalilia maharagwe yake akiwa amewapa mgongo. Hata hivyo alijua kila safari yao. Aliijua kwa sauti ya maji yakigonga ukingo wa debe.

Wakulima wakajua, na maneno yakamfikia sajini wa pale kambini, Mturkana mrefu aliyeitwa Nakuam. Mchana mmoja alimkuta Mama Kang'ethe amepiga magoti palepale. Akamwamuru asimame, na watu waliokuwa mashambani wakaja mbio kuona. Kajuju naye akaja, akasimama nyuma yao.

"Mama, amri ni moja," alisema Sajini Nakuam. "Hakuna mtu kupitisha kitu kwa hii waya. Wewe nani amekutuma?"

"Yesu amenituma."

Watu wachache walicheka. Sajini mwenyewe karibu acheke. "Huyo hana kibali hapa."

"Ndiyo, afande. Hata mimi sina. Lakini umeniuliza."

"Afukuzwe Burat!" mtu mmoja alipaza sauti. "Leo ni maji, kesho atawapelekea risasi!"

Sajini aliinua mkono wakanyamaza. "Sema vizuri, mama. Kwa nini unafanya hivi? Hawa si watu wako."

Mama Kang'ethe alifuta paji la uso, pale mkanda ulipoacha alama. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuulizia kikohozi.

"Afande, mimi nimekaa ndani ya kitu kama hiki. Wakati wa Emajensi, siku za Mau Mau, Wazungu walituhamisha sisi sote, wakatuweka kijiji kimoja. Kulikuwa na handaki, na ndani ya handaki miti iliyochongwa. Mlinzi wetu alikuwa homugadi, askari wa Wazungu, lakini Mkikuyu mwenzetu. Alimpiga bwana yangu mpaka akavunjika mbavu. Mimi nilimchukia huyo mtu kuliko Mzungu. Nililala nikimchukia, nikaamka nikimchukia. Nilikuwa na mtoto, Kang'ethe. Alikuwa anaanza kusimama. Hatukuruhusiwa kwenda shambani, maziwa yakanikauka kifuani."

Upande wa pili wa seng'enge wale wanawake wa Kiborana walikuwa wamekaa, vyombo mapajani.

"Huyo homugadi alikuwa na mke, Wamucii. Siku moja alikuja na maziwa kwenye kikombe, ameyafunika na shuka. Mimi nilimtemea mate. Nilimtemea usoni, mbele ya watu. Akajifuta, akaenda. Kesho yake akarudi na kikombe. Nikamuuliza, wewe una wazimu? Akaniambia, 'Yesu alinipenda nikiwa adui yake. Sijui njia nyingine ya kuishi.' Basi. Hakuniambia niombe, hakuniambia nitubu. Aliweka kikombe chini akaenda."

"Mtoto akapona," alisema mtu mmoja polepole, kama anayemsaidia kumaliza.

"Hapana. Kang'ethe alikufa. Maziwa yalichelewa. Lakini alikunywa, siku zake za mwisho alikunywa akashiba, na alikufa amelala mapajani mwangu, hakuwa analia. Tukamzika na Wamucii. Yeye ndiye aliyechimba, mimi sikuwa na nguvu. Nikamwangalia akichimba kaburi la mtoto wangu, yule mke wa adui yangu, na nikaingojea ile chuki yangu inishike, na haikuja. Nilitafuta ndani yangu sikuiona. Hapo ndipo nilijua Yesu yupo. Mimi sikusoma, afande. Sijui kueleza mambo ya dini. Najua maziwa hayakumponya mtoto wangu, yaliniponya mimi. Sasa nikiona kikombe kwa mkono wa mama mwingine ndani ya waya, nifanye nini? Niambie wewe."

Hakuna aliyecheka. Miaka hiyo yote Kajuju alimwita mwanamke huyu kwa jina la mtoto aliye kaburini, na mwanamke huyu aliitika kila mara kwa furaha. Alimwangalia kama mtu aliyekaa chini ya mlima siku zote kukiwa na mawingu, na leo mawingu yameondoka: kumbe ulikuwa mkubwa hivyo, na ulikuwa hapo.

Sajini Nakuam alitazama buti zake. Alitazama pia chupa ya maji iliyokuwa ikining'inia kiunoni mwake. Hatimaye akasema, bila kumwangalia mtu, "Amri inasema hakuna mtu kupitisha kitu kwa waya. Mtu. Mama, usirudi hapa na debe." Akageuka aende, akasimama. "Lakini maji yakipita yenyewe chini ya waya, mimi sijui kuyafunga pingu."

Akaenda zake. Watu walitawanyika mmoja mmoja bila kelele, na hata yule aliyetaka Mama Kang'ethe afukuzwe aliondoka ameinamisha kichwa. Mama Kang'ethe aliokota debe lake. Alipita karibu na Kajuju, akamwambia tu, "Jua ni kali, mwanangu, nenda kivulini," akaenda.

Kila mtu alijua palikuwa na njia moja tu ya maji kupita yenyewe: shamba la Kajuju.

Kajuju alienda nyumbani akaketi mlangoni. Alimkumbuka Mungania akicheka, Mungania akimnunulia viatu, Mungania akiondoka ile asubuhi na kupiga honi mara mbili kwenye kona. Alijaribu kuwaza mkono uliotega bomu. Siku zote ulikuwa ukimjia upesi, mkono mweusi usio na mwili. Sasa kila alipouita, ulikuja mkono mwingine, wa mwanamke, umeshika kikombe. Akasema kwa sauti, kwa Kimeru, na hakujua anamwambia nani: "Siwezi." Akakaa. Akasema tena, "Mimi siwezi. Kama unaweza wewe, fanya."

Halafu akainuka akachukua jembe.

Mfereji uliishia katikati ya shamba lake. Kutoka hapo hadi kwenye seng'enge palikuwa na mistari ya maharagwe, mbegu alizoziacha Mungania. Kajuju alianza kuchimba kuanzia kwenye seng'enge, akipanda juu, akikata mistari hiyo mmoja baada ya mwingine. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Baadaye alisikia jembe lingine likigonga. Hakuinua kichwa. Alijua ni nani. Wawili hao walichimba bila kuzungumza, mmoja kutoka chini, mwingine kutoka juu, na walipokutana Mama Kang'ethe alikuwa anatiririkwa na machozi huku akichimba, wala hakuyafuta. Akapanda shambani kwake, akafungua maji ya zamu yake.

Yalikuja polepole. Ardhi iliyanywa kwanza. Ulimi mweusi wa maji ulisogea, ukasimama, ukasogea tena, ukisukuma majani makavu na wadudu mbele yake. Ulipita chini ya miguu ya Kajuju, ukavuka njia ya ng'ombe, ukaingia chini ya seng'enge.

Ng'ombe walijua kabla ya watu. Wale waliokuwa wamelala kana kwamba wamekufa waliinua vichwa, wote kwa pamoja, pua zikielekea upande mmoja, na sauti ikatoka kwao ambayo Kajuju hakuwahi kuisikia kwa mnyama, nzito na ya chini, ikaenea kambi nzima. Walijikokota kwa magoti. Wanaume wakakimbia kuwazuia wasikanyage mfereji. Watu hawakusukumana. Bikizee mmoja mwembamba, aliyeitwa Racho, aliinua fimbo yake, na watoto wote wakasimama nyuma yake. Alipiga magoti, akatia kiganja majini, akakiacha humo bila kunywa, akisema maneno ya Kiborana ambayo Kajuju hakuyajua. Lakini aliyajua. Mtu yeyote angeyajua. Kisha Racho akawapisha watoto.

Kajuju alisimama pale akiingoja chuki. Aliingoja kwa hofu, kama mtu anayengoja jino lianze kuuma. Watoto walikunywa, wakajimwagia, mmoja akaanza kucheka. Haikuja. Akaketi kwenye udongo uliochimbuliwa, na kwa mara ya kwanza tangu Mungania afe, akalia.

Racho alimwona. Alisogea hadi kwenye seng'enge. "Nagaa," alimwamkia, yaani amani. "Wewe nani?"

"Mimi dada ya Mungania. Dereva. Alikufa barabara ya Garba Tulla, na bomu."

Bikizee akaketi chini upande wake wa waya, wakawa wanatazamana. "Mimi pia iko na mtoto," alisema. "Hakushika bunduki. Alishika mbuzi tu. Askari walimpiga risasi huko malishoni, akafa. Wewe lia. Mimi pia nitalia." Na walilia, kila mmoja kwa lugha yake, huku maji yakipita kando yao.

Jumapili iliyofuata Mama Kang'ethe alikuwa anafunga mlango aende kanisani, akamkuta Kajuju amesimama uani, amevaa gauni safi.

"Mama Kang'ethe, huyo Yesu wenu, anamchukua mtu ambaye hajaelewa?"

"Twende," alisema Mama Kang'ethe. "Hata mimi bado naelewa."

Njiani Kajuju akamuuliza lile lililokuwa likimsumbua. "Nilipokukatalia njia, hukunichukia?"

Mama Kang'ethe alicheka mpaka akasimama. "Nilikununia, mwanangu! Zile debe za kwanza nilizibeba nimekasirika mpaka shingo ikauma. Kila hatua nilikuwa nakusema kwa Mungu. Na akayapokea maji hayo hivyo hivyo, na hasira zangu ndani."

Kanisani, lile la mabati kule mjini, ilikuwa desturi mgeni kusimama na kusema neno. Kajuju alisimama. Alikuwa na mengi kichwani, yote yakamtoroka. "Mimi ni Kajuju," alisema. "Nilikuwa nimekauka. Mungu amefanya nilie." Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa mbele akavua kofia aliyokuwa amesahau kichwani.

Wakulima wengine wawili waliacha nao sehemu ya zamu zao. Wengine hawakuacha, na waliendelea kununa hadi mwisho. Mifugo mingi ilikufa. Watu pia walikufa, kwa maana mfereji mmoja hautoshi kambi. Lakini Racho aliishi, na watoto waliokuwa nyuma ya fimbo yake waliishi, na mvua ilipokuja iliwakuta.

Amani ilipotangazwa na lango kufunguliwa, watu wa Racho walijiandaa kwenda upande wa Gotu na mbuzi wachache waliobaki. Asubuhi hiyo bikizee alipita shambani. Alimshika Mama Kang'ethe mikono yote miwili, kisha Kajuju.

"Mimi naomba Mungu kwa njia yangu," alisema, "na nyinyi kwa njia yenu. Lakini ile siku ya maji nilitia mkono nikasema, huyu aliyetuma haya, ananijua."

Akashika fimbo yake akaenda, watoto wakimtangulia na mbuzi. Mama Kang'ethe alirudi kwenye mahindi yake mapya. Kajuju hakuweza. Alibaki kando ya njia ya ng'ombe, mkono kinywani, akiwatazama mpaka vumbi lao likatua.